Ugomvi wa Birmingham katika makala ya filamu ya Peckham

Filamu ya Blue Story ilianza kuonyeshwa Uingereza tarehe 22 Novemba 2019. Rapman, aliyeiandika na kuiongoza, anasimulia urafiki wa Timmy wa Deptford na Marco wa Peckham, wanafunzi wa shule moja wanaogeuzwa maadui na uhasama wa mitaa yao ya London. Kesho yake vijana walipigana, wengine wakiwa na mapanga, katika jumba la Star City, Birmingham, lenye sinema ya Vue. Kampuni ya Vue ikaiondoa filamu katika sinema zake, kampuni ya Showcase nayo ikafuata. Rapman alisema ugomvi ule hauhusiani na kazi yake. Siku chache baadaye kampuni zote mbili zikairudisha.

Mhariri wa Wikipedia aliandikeje tukio hilo katika makala ya filamu hiyo? Kanuni ya Wikipedia inataka kila jambo lipewe nafasi kulingana na uzito wake katika vyanzo vya kuaminika. Lakini magazeti ya wiki ile yalijaa habari za mapanga kuliko uigizaji wa Stephen Odubola na Micheal Ward, waliocheza Timmy na Marco. Anayehesabu vichwa vya habari ataandika aya tatu za Birmingham na mstari mmoja wa filamu yenyewe, kisha adai hajaegemea upande wowote. Simkubalii. Kanuni hiyohiyo inaonya kwamba tukio moja, hata likithibitishwa, laweza kukuzwa kupita kiasi.

Kulifuta tukio hilo pia ni kosa. Uamuzi wa kuiondoa filamu ulizusha mjadala mkali kuhusu namna kazi za Waingereza weusi zinavyotendewa, na mjadala huo ni sehemu ya historia ya filamu. Mahali pake ni sehemu ya usambazaji, kuondolewa na kurudishwa vikitajwa pamoja. Utangulizi, ambapo wengi huishia kusoma, ubaki wa Timmy na Marco.

Wahariri wawili wasipokubaliana, kila mmoja huyatengua mabadiliko ya mwenzake. Katika Wikipedia ya Kiingereza, anayetengua zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 anaweza kufungiwa. Njia ni ukurasa wa majadiliano. Hata huko vyanzo ndivyo huamua: mkazi wa Peckham aliyeitazama filamu kwa amani katika sinema ya Peckhamplex hawezi kuandika alichoshuhudia. Alete chanzo kilichochapishwa, hata gazeti la mtaani kama Southwark News.

Na anayeitafsiri makala hiyo kwa Kiswahili asome kwanza majadiliano yake, maana hurithi pia mizani ya waliomtangulia.