C+ si mlango pekee wa shahada ya biashara

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, simu yangu haitulii. Wazazi wa mtaani huniuliza: "Ami, mtoto kapata C, biashara ataisoma?" Wengine hupiga wakiwa wameshalipa pesa za fomu mahali fulani, ndipo wanataka kujua kama chuo chenyewe kinatambuliwa. Nimeona bora nieleze hapa masharti ya shahada ya usimamizi wa biashara, ili tuzungumze tukiwa na habari kamili.

Tuanze na gredi. Ili uingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha nne, unahitaji wastani wa C+ katika KCSE. Hilo wengi walijua. Wasilolijua ni kwamba C+ inakufungulia lango la chuo kikuu tu. Haikupi kozi yoyote uitakayo. Kila kozi ina klasta yake, yaani masomo manne yanayotazamwa. Kwa kozi za biashara, masomo hayo ni Kiingereza au Kiswahili, Hesabu, somo moja kutoka kundi la pili au la tatu, na jingine moja kutoka kundi la pili hadi la tano. Kundi la pili ni sayansi. Kundi la tatu ni Historia, Jiografia na masomo ya dini, IRE ikiwemo. Somo la Biashara na Kiarabu yako kundi la tano, na yanaweza kujaza nafasi ya nne.

Nasisitiza hapa kwa sababu nimesikia vijana wetu wakiambiwa IRE "haina kazi". Si kweli. Mtoto aliyepata A- ya IRE ana pointi 11 katika klasta yake. Chukua kijana mwenye C+ ya Kiingereza, C ya Hesabu, A- ya IRE na B+ ya Biashara. Hizo ni 7, 6, 11 na 10, jumla 34 kati ya 48. KUCCPS huchanganya jumla hiyo na matokeo yake mengine, kwa hivyo pointi za mwisho huwa tofauti, lakini msingi ni huo.

Sasa mchukue mwenzake mwenye masomo yayo hayo, ila Hesabu amepata D. Jumla yake ni 31, tofauti ya pointi tatu tu. Anaweza kuwa na wastani wa C+ na bado akakataliwa, kwa sababu vyuo vingi huweka kiwango cha chini cha Hesabu kwa kozi za biashara. Kiwango hicho hutofautiana chuo na chuo, na kimeandikwa kwenye tovuti ya KUCCPS chini ya kila kozi. Kisome kabla ya kuchagua. Tazama pia pointi za mtu wa mwisho aliyechukuliwa mwaka uliopita. Hizo ni za kukupa makadirio tu, maana hubadilika kulingana na walioomba.

Hesabu hazikuwekwa kwa kuwaonea watoto. Mwaka wa kwanza wa kozi hizi una uhasibu, uchumi, hesabu za biashara na takwimu. Baadaye zinafuata fedha na utafiti. Asiyeelewana na nambari huanza kurudia yuniti mapema, na miaka minne ikawa mitano au sita, karo ikiendelea kulipwa.

Vipi aliyekosa C+? Huyu ndiye ninayemwandikia zaidi, kwa sababu ndiye anayekata tamaa haraka. Mwenye C- anaweza kuingia diploma. Mwenye D anaanza na cheti, kisha diploma. Ukimaliza diploma ya biashara katika taasisi inayotambuliwa, chuo kikuu kinaweza kukupokea kwa shahada. Vyuo vingi hutaka uwe umepita vizuri, si kupita tu. Baadhi ya yuniti ulizosoma huweza kuhesabiwa, ukapunguziwa muda. Lakini chuo ndicho kinachoamua ni zipi, na hakiwezi kukuhesabia kozi nzima. Anayekuahidi kuwa diploma yako itakuwa "nusu ya digrii" bila kutazama transkripti yako anakutafuta pesa.

Mimi mwenyewe nina diploma, na niko katika miaka ya arobaini. Imenilisha na kunisomeshea watoto, alhamdulillahi. Lakini nimeona nafasi za umeneja zikipita mbele yangu kwa sababu tangazo liliandika "shahada". Ndiyo maana nawaambia vijana: diploma ni kazi na pia ni ngazi. Weka transkripti zako vizuri tangu siku ya kwanza, maana utazihitaji.

Karo nayo ni sharti, hata kama haikuandikwa kwenye fomu. Tangu mwaka 2023, mwanafunzi aliyepangiwa chuo kikuu cha umma huomba msaada wa serikali kwa sehemu mbili: ufadhili usiolipwa, na mkopo wa HELB. Kiasi anachopata hutegemea hali ya nyumbani kwao. Kupangiwa chuo hakukupi pesa. Lazima uombe mwenyewe. Nyumba nyingi za Pwani hukosa hapa, kwa kudhani barua ya kujiunga inatosha. Mkopo wa HELB hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na najua baadhi yetu huukwepa kwa sababu hiyo. Huo ni uamuzi wa mtu na dini yake. Lakini ukiukataa mkopo usiache kuomba ufadhili, maana huo haurudishwi.

Wala si lazima kwenda Nairobi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi vinafundisha shahada za biashara. Mtoto akilala nyumbani Kisauni au Mtwapa, gharama ya chumba na chakula imepungua.

Jina la kozi nalo lisikutishe. Utaona usimamizi wa biashara, uendeshaji wa biashara, au shahada ya biashara yenyewe, BCom. Mwaka wa kwanza hufanana sana. Tofauti huja kwenye masomo ya mbele.

Kabla ya kutoa shilingi, uliza mambo matatu. Je, chuo hiki na kozi hii vimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE? Je, gredi yangu ya Hesabu inafikia kiwango chao? Na kama naingia na diploma, ni yuniti zipi watanihesabia, na wako tayari kuniandikia? La tatu litake kwa barua yenye muhuri. Maneno ya ofisini, aliyeyasema akihamishwa, hutampata wa kukuthibitishia.