Kukimbia pamoja, kila mtu kwake

Wapendwa ba-promosheni, tangu tutawanyike, mmoja Kampala, mwingine Bruxelles, sport ya asubuhi kwenye barabara ya Kibati naifanya peke yangu. Kumbe kuna watu walitengeneza michezo juu ya hali kama hii.

Mtafiti Florian Mueller alianza na mpira. Mwaka 2003, kule Dublin, wachezaji wawili, kila mmoja mahali pake, walipiga mpira wa kweli kwenye ukuta unaoonyesha mwenzake. Waliotoka jasho walizoeana kuliko waliobonyeza vitufe tu. Lakini ule ni wa kushindana.

Mimi napenda wake wa kukimbia. Unavaa ekuteri masikioni na kifaa cha kupima moyo. Mbele ya kuanza, kila mmoja anasema moyo wake upige mara ngapi. Nikijikaza kupita mwenzangu, sauti yake naisikia nyuma. Tukijikaza sawa, iko kando yangu. Wanalinganisha jasho, si mwendo! Ni kama kulima pamoja: muzee anapewa mistari michache, kijana mingi, wanamaliza pamoja.

Mtandao je? Kwenye fibra ishara inapita karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, na Bruxelles ni zaidi ya 6,000. Kuchelewa kidogo kunaharibu mpira. Mazungumzo ya kukimbia yanavumilia. Ila mega zikiisha, mwenzako anapotea katikati ya mupando.

Nani ako na saa ya kupima moyo? Kama hakuna, tuanze na simu ya kawaida, Jumamosi, saa kumi na mbili ya Goma, saa moja ya Kampala.