Picha ya Nyumba ya Malindi

Ndugu zetu mlioko Muscat, Dubai, London na kwengineko, nyote mmeshapelekewa picha ya nyumba ya wazee wetu ya Malindi, Unguja, namna itakavyokuwa ikishatengenezwa. Picha ile si ya kamera. Imetolewa na kompyuta kutokana na ramani ya msanifu majengo. Baadhi yenu mlisema hiyo ni hoteli, na wengine mkazuia michango mpaka muione nyumba mnayoijua. Mlikuwa na haki. Mpwa wangu, ambaye ndiye aliyeifanya, amekaa nami jioni kadhaa tukaisahihisha kwa programu ya Photoshop, yeye akishika kompyuta, mimi nikishika ulimi.

Kubwa lilikuwa jua, kwani kompyuta ilikuwa imewekewa jua la Ulaya. London jua la adhuhuri siku zote huwa upande wa kusini, na mwishoni mwa Desemba mtu wa futi 6 hutupa kivuli cha kiasi futi 22. Unguja iko kiasi nyuzi 6 kusini ya Ikweta. Huko, siku hizo hizo, kivuli cha adhuhuri cha mtu huyo hakifiki futi 2. Juni jua huhamia kaskazini, na mapema Machi na mapema Oktoba hupita utosini, kivuli kikaingia miguuni. Fauka ya hayo, vichochoro vyetu ni vyembamba; jua hugusa ardhi kwa muda mfupi tu, kisha hubaki juu ya kuta. Basi tulitia giza chini, tukaacha mwangaza ghorofa ya juu. Kivuli chenyewe hatukukifanya cheusi, maana hupata ubuluu kutoka mbinguni na weupe kidogo kutoka ukuta wa chokaa unaokabili.

Kuta nazo zilikuwa nyeupe kama karatasi, na doa moja limerudiwa kila baada ya dhiraa mbili, jambo ambalo jicho hulitambua hata kama mtu hajui kulieleza. Chokaa ya kweli huliwa na chumvi, huwa kijivu chini ya mlizamu, huchubuka pale watu wanapoegemea barazani. Mpwa wangu aliweka kila doa katika tabaka lake, ili likizidi lipunguzwe bila ya kuiharibu picha iliyo chini.

Watu waliobandikwa walikuwa wakielea. Dawa yake ni jiometria: kamera ikiwa usawa wa macho ya mtu aliyesimama, basi macho ya wote waliosimama juu ya ardhi tambarare huangukia karibu mstari mmoja, awe mtu karibu au mbali, miguu ndiyo hupanda na kushuka. Na chini ya kila kiatu pawe na kivuli kidogo.

Mpwa wangu alitaka kuzifuta nyaya za umeme na ufa wa ukuta wa jirani. Nilikataa. Picha hii inaomba fedha za wajane na wastaafu. Kadhalika ile sebule pana isiyo na nguzo tumeiondoa: vyumba vyetu vina upana wa boriti ya mkoko, kiasi futi 8 hadi 10, na hakuna rangi itakayoirefusha boriti.

Picha mpya imechapwa ukurasa unaofuata, pamoja na ya kamera iliyopigwa kutoka pale pale. Roshani ya mbele imeachwa kwa mistari ya penseli, kwani ndugu wa Dubai bado hawajakubaliana na wa London kama iwe ya mbao au isiwepo kabisa.