Seti ya Kuungaunga, Mipini Inayosikilizana

Hapa Mchesi, Lilongwe, neno mpini halihitaji mkalimani. Mchewa anayeuza majembe anasema mpini, na Mkongo au Mrundi aliyeshuka kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kuja sokoni naye anasema mpini. Kwa hiyo nitauita mpini ule ufito mrefu wa fimbo ya gofu, unaounganisha kichwa cha chuma na mikono ya mchezaji. Anayejua kutia mpini kwenye jembe ameshajua nusu ya kazi ninayotaka kuieleza. Nusu nyingine ni vipimo, na hapo ndipo wengi wanapopoteza pesa.

Vijana wengi wa mitaa yetu huanza gofu kwa kubeba mikoba ya wachezaji. Kijana wa namna hiyo hanunui seti. Fimbo moja anapewa na mtu aliyeichoka, nyingine anaiokota kwenye kaunjika, yaani mitumba, ya tatu anabadilishana na mwenzake. Baada ya mwaka mkoba umejaa, lakini kila fimbo ina ukoo wake. Sioni aibu yoyote katika mkoba huo. Vichwa vya chuma vya miaka thelathini iliyopita bado vinapiga mpira vizuri kabisa. Kinacholeta matatizo ni mipini isiyosikilizana.

Kijana mmoja aliniletea fimbo zake sita, namba tano hadi namba tisa pamoja na ile ya kutolea mpira mchangani. “Papa,” akaniambia, “hii namba nane inanisaliti. Siku nyingine mpira unafika mbali kama namba saba, siku nyingine unakwenda kushoto kwa majirani. Nibadilishie mipini yote.” Nilimkatalia yote. Nikazilaza fimbo mezani, nikachukua futi ya fundi nguo na mizani ndogo ya dukani.

Seti iliyotoka kiwandani hupangwa kama ngazi. Kila namba inapopanda, mpini hupungua nusu inchi, yaani kama sentimita 1.3, na kichwa huongezeka uzito wa gramu 7 hivi. Fimbo inafupika huku kichwa kikizidi kuwa kizito, ili mkono unapozungusha usikie uzito ule ule katika fimbo zote. Namba saba ya mpini wa chuma huwa na urefu wa sentimita 94 hivi, na kichwa chake gramu 270 kwa kukadiria. Viwanda vinatofautiana kidogo, lakini ngazi ni hiyo.

Namba saba ya yule kijana ilikuwa na sentimita 94 na gramu 432. Namba tisa ilikuwa na sentimita 91.5 na gramu 445. Namba nane, iliyopaswa kukaa katikati, ilikuwa na sentimita 94 kamili na gramu 391 tu. Mpini wake ulikuwa wa kaboni, zile nyuzi nyeusi nyepesi, wakati jirani zake wote walikuwa wa chuma. Mpini wa chuma huwa na gramu 90 hadi 130, na wa kaboni unaweza kuwa na 60 au 70. Mkono uliozoea fimbo nzito ukipewa nyepesi hukimbia, uso wa fimbo hujifunga mapema, na mpira huenda kushoto. Ile namba nane haikuwa mbovu. Ilikuwa imepachikwa kwenye ukoo usio wake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye seti ya kuungaunga: usianze na mkasi wala moto. Tafuta katika mkoba wako fimbo moja ambayo haijawahi kukuangusha, ipime urefu na uzito, kisha ifanye mama wa nyingine. Zile zinazofuata ngazi yake ziache zilivyo. Badilisha zinazokataa tu. Katika fimbo sita za yule kijana, iliyokataa ilikuwa moja.

Kupanga fimbo kwa mkono si jambo geni. Mipini ya chuma ilianza kukubaliwa rasmi katika miaka ya 1920, Marekani ikitangulia na chama cha gofu cha St Andrews kikifuata mwaka 1929. Kabla ya hapo mipini ilikuwa ya mti wa hikori, na kwa kuwa hakuna miti miwili inayonepa sawa, mchezaji alichagua fimbo moja moja kwa kuzisikiliza mkononi. Mchezaji Bobby Jones alishinda mashindano manne makubwa ya mwaka 1930 kwa fimbo za hikori. Husimuliwa miongoni mwa mafundi kwamba zilipopimwa baadaye kwa mitambo zilikutwa zimepatana ajabu, isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo iliyokuwa ikimsumbua tangu zamani.

Sasa kazi yenyewe. Kitu kidogo kinachoharibu kazi kubwa ni unene wa ncha. Shingo za vichwa zina matundu ya aina mbili: linalopokea ncha ya milimita 9.4 iliyo sawa unene wake, na linalopokea ncha inayochongoka hadi milimita 9.0. Tofauti haifiki nusu milimita, lakini mpini mwembamba ukitiwa kwenye tundu pana utacheza ndani ya gundi, na siku moja kichwa kitaruka. Azima kalipa kwa fundi mekanika, pima ncha na tundu kabla hujalipa chochote.

Mpini wa kuitia ile namba nane niliupata kwenye namba tano nyingine kuukuu ambayo kichwa chake kilikuwa kimelika. Ulikuwa wa ncha sawa, na fimbo nzima ilikuwa na urefu wa sentimita 96.5. Namba nane inataka 92.7, kwa hiyo nilikata sentimita 3.8, na nilikata upande wa ncha. Hapa niwaombe wasomaji muwe makini. Ukikata nchani mpini unakuwa mgumu zaidi, haunepi sana, na ndivyo fimbo fupi zinavyotakiwa. Mpini wa ncha inayochongoka haukatwi huko kamwe. Huo hukatwa upande wa mshiko peke yake.

Ili nitoe mpini wa zamani, fundi simu mmoja hapa jirani aliniazima bloa yake ya hewa moto. Nilibana mpini kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mpira wa tairi, nikaipasha shingo joto polepole, nikiuzungusha upepo pande zote. Baada ya dakika tatu pete ya plastiki inayoziba shingo ilianza kulegea, ikatoka harufu kali ya gundi. Hapo vaa glavu nene, uvute kwa unyoofu. Mpini wa chuma unaweza kuuzungusha kidogo ukivuta. Wa kaboni usiuzungushe hata chembe, nyuzi zake zitafumuka. Wala usitumie moto wa gesi kwenye kaboni: utaunguza kitu ambacho mzee mwenye mikono mizito angekinunua kwa furaha.

Yaliyobaki ni usafi. Kwangua tundu mpaka chuma king'ae, sugua ncha ya mpini kwa msasa sentimita tatu hivi hadi ule mng'ao wa kromu uishe, pulizia vumbi, kisha ujaribu kuuingiza bila gundi. Tumia gundi ya mirija miwili, ile inayokauka taratibu. Inayoganda kwa dakika tano ni ya vikombe vya chai. Gawanya sawasawa, koroga vizuri, ingiza mpini ukiuzungusha, futa inayomwagika, na usimamishe fimbo wima.

Namba nane ilipokaa tena kwenye mizani ilisoma gramu 438. Kijana alitaka kuondoka nayo jioni ile ile, nikamzuia. Nawe usikubali fundi akukabidhi fimbo kabla ya saa 24 kupita tangu gundi itiwe.