Saa za kazi: programu ipi inafaa ofisi ya Bujumbura?

Chukulia ofisi ya watu wanane pale Rohero, yenye wateja Nairobi na mfadhili Ulaya. Kila mmoja anataka kuona saa zilizotumika kwenye mradi wake ndipo alipe. Kabla ya kuchagua programu ya kuandikia saa hizo, ofisi hiyo ijiulize kwanza dola ya kuilipia itatoka wapi.

Toggl Track ni bure kwa watu wasiozidi 5. Akiingia wa sita, mnalipia wote, takriban dola 10 kwa kichwa kila mwezi. Kwa wanane ni dola 80, yaani kama faranga 240,000 kwa bei ya benki kuu. Lakini nani anaipata dola kwa bei hiyo? Mtaani imekuwa zaidi ya maradufu, na pesa za simu za Lumicash hazipokelewi huko Estonia ilikozaliwa Toggl.

Jira inachukua hadi watu 10 bure, kwa hiyo wanane wanaenea. Uangalifu uwe kwenye kuandika siku: ukiandika "1d", Jira inahesabu saa 8 mpaka msimamizi abadilishe mpangilio. Siku ambayo umeme ulirudi saa nne asubuhi na mkatoka saa kumi jioni, mteja atakuwa amedaiwa saa mbili ambazo hakuna aliyezifanya.

Redmine ndiyo ninayoipenda. Ni programu huria iliyoanza mwaka 2006, haina ada, na inakaa kwenye kompyuta yenu wenyewe ofisini, hivyo intaneti ikikatika mnaendelea kuandika. Gharama yake ni betri ya kuishikilia Regideso inapokata umeme, na fundi anayeijua Linux. Bila fundi huyo, msianze. Ina mtego mmoja mdogo: 1:30 ni saa moja na nusu, lakini 1.30 inasomwa kama saa moja na dakika 18. Dakika 12 zimepotea kwa nukta, na kosa hilo likirudiwa na watu wanane mwezi mzima, ankara inapungua bila mtu kujua sababu.

Kingine kinachonivuta kwa Redmine ni kwamba yenyewe haina saa ya kubonyeza; unaandika mwenyewe. Wengi huona huo ni upungufu. Kwa mji huu mimi naona ni nafuu. Saa ya Toggl ukishaiwasha inahesabiwa kwenye seva ya mbali: umeme ukikatika saa kumi jioni, kompyuta ikazima nawe ukaenda zako Buyenzi, inaendelea kuhesabu mpaka kesho yake asubuhi. Hapo unaanza kukisia ulifanya nini jana.

Anayefanya kazi peke yake, mwenye simu nzuri, hana haja ya seva. Toggl ya bure inamtosha, maana kwenye simu inarekodi hata pasipo mtandao, kisha inatuma ukirudi. Ila afungue mipangilio aone saa za wapi zimewekwa. Bujumbura iko saa moja nyuma ya Nairobi: kazi ya saa 5:20 usiku tarehe 30 Juni, kwa akaunti iliyowekewa saa za Nairobi, inasomeka saa 6:20 usiku tarehe 1 Julai, na ankara ya Juni inakwenda bila hiyo kazi.