Moshi Haujui Mpaka wa Mji: Mipango ya Hewa Safi Tabora

Tabora ni mji uliokuzwa na njia. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Unyanyembe; mwaka 1912 reli ya kati ikafika. Ukuaji huo unaendelea. Sensa ya 2012 ilihesabu mkoani humo watu zaidi ya milioni 2.2, ile ya 2022, zaidi ya milioni 3.3. Kaya nyingi kati ya hizo hupikia kuni na mkaa wa miti ya miombo.

Kuni zinapoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, masizi na chembechembe ndogo mno. Zilizo za hatari zaidi zina kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, yaani takriban sehemu moja ya ishirini ya unene wa unywele. Pua na koo haziwezi kuzizuia. Hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Wanaoumia kwanza ni akina mama walio jikoni na watoto wao wachanga. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza wastani wa mwaka unaopendekezwa kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa.

Yafaa ieleweke kwamba wingi wa moshi hautegemei moto peke yake. Usiku wa kiangazi, anga likiwa halina mawingu, ardhi hupoteza joto upesi. Hewa iliyo karibu nayo hupoa na kuwa nzito, ilhali ya juu yake hubaki na joto. Hewa hiyo ya juu huwa kama kifuniko cha chungu: moshi wa jioni hutanda juu ya mapaa mpaka jua lipashe ardhi asubuhi. Majira hayo ndiyo pia ya moto wa nyika na matanuri ya matofali, wala hakuna mvua ya kuosha hewa.

Upepo wa kiangazi huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Kwa hiyo moshi wa mashamba ya Uyui, wilaya inayopakana na mji, huweza kuingia mjini. Halmashauri moja haitoshi. Hapana budi wilaya jirani zipange pamoja. Matanuri na majalala yawekwe upande wa magharibi, mbali na makazi; uchomaji wa mashamba upangiwe siku; na jiko safi lipewe nafasi ya kwanza. Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 umekusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Shule nazo zaweza kuanza kupima. Karatasi nyeupe mbili zipakwe mafuta ya mgando. Moja iwekwe jikoni, nyingine uwanjani, kwa siku tatu. Zitanasa chembe kubwa tu, lakini tofauti ya rangi zake itawafundisha wanafunzi kuuliza moshi unatoka wapi, na nani anauvuta.