Sayansi ya utambuzi: maandalizi huanza kabla ya mwaka wa mwisho

Kijana ameanguka, kiti kimeanguka. Mtoto aliyelelewa katika Kiswahili huzipambanua sentensi hizo kabla hajaingia darasani, ingawa majina yote mawili huanza kwa ki. Je, akilini mwake hutendeka nini? Hilo ni miongoni mwa maswali ya sayansi ya utambuzi, taaluma inayochunguza jinsi binadamu, na hata mashine, wanavyojifunza, kukumbuka na kufikiri.

Taaluma hiyo ni changa. Wengi husema ilizaliwa Septemba 1956, katika kongamano lililofanyika chuoni MIT, Marekani, ambako mwanaisimu Noam Chomsky, mwanasaikolojia George Miller, na wataalamu wa kompyuta Allen Newell na Herbert Simon walizungumza mbele ya hadhira moja. Mwaka 1986, Chuo Kikuu cha California, San Diego, kilianzisha idara ya kwanza ya aina hiyo duniani.

Hata hivyo, vyuo vingi havina shahada ya kwanza yenye jina hilo. Mwanafunzi aliye Dar es Salaam, Muscat au Leicester afanye nini basi? Kwanza, azamie fani moja: saikolojia, isimu, falsafa, kompyuta au sayansi ya ubongo. Pili, aongeze takwimu na uandishi wa programu. Lugha za kompyuta za Python na R hupatikana bila malipo.

Tatu, na hapa ndipo wengi hukwama, afanye utafiti. Vyuo vya Marekani kwa kawaida hudai barua tatu za mapendekezo. Mhadhiri anayemfahamu mwanafunzi kwa alama zake tu hana jingine la kuandika. Maombi mengi hufungwa karibu na Desemba, miezi kadhaa kabla ya masomo kuanza. Anayeanza kutafuta mhadhiri mwaka wa mwisho amekwisha kuchelewa. Afadhali ajitolee tangu mwaka wa pili, kukusanya data au kunukuu sauti zilizorekodiwa.

Kiswahili chenyewe ni mtaji. Mwaka 2005, mwanaisimu Kamil Ud Deen alichapisha kitabu kuhusu jinsi watoto wa Nairobi wanavyokipata Kiswahili. Maswali yaliyosalia yanahitaji watafiti wanaoijua lugha hiyo.

Lipo pia suala la fedha. Nchini Marekani, aliyehitimu shahada ya kwanza anaweza kuingia moja kwa moja katika uzamivu, na idara nyingi humlipia ada na kumpa posho, naye husaidia kufundisha au kutafiti. Uingereza, wengi hupitia kwanza uzamili wa mwaka mmoja, ambao mara nyingi mwanafunzi hujilipia. Kwa hiyo, kabla ya kutuma maombi, ni busara kuiuliza idara mambo mawili: nani atasimamia utafiti, na nani atalipa.